UMEFIKA DUBAI, NEWALA HUJAFIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naanza na swali. Chukua simu yako, fungua zile picha zako za safari. Ya Dubai chini ya lile ghorofa refu ipo? Ipo, na kama si yako ni ya shemeji yako. Ya Istanbul ipo? Ya uwanja wa ndege umeshika pasipoti ipo? Alhamdulillahi, Allah akuzidishie. Sasa nitafutie ya Newala. Nitafutie ya Tunduru, ya Kondoa, ya Ujiji, ya Sumbawanga. Huna. Na wala hujioni kama umekosa kitu.

Sijasema kwenda Dubai ni haramu. Biashara ni sunna ya wazee wetu, na watu wa pwani hii wamevuka bahari tangu zamani za matanga. Ninachosema ni kwamba Allah (S.W.) amekupa nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 940,000. Chukua Kenya yote, chukua na Uganda yote, zitie ndani yake, nafasi bado itabaki. Ndani yake kuna mlima wa mita 5,895 wenye barafu karibu na ikweta. Kuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani. Kuna makabila zaidi ya 120. Na wewe unaijua kutoka kwenu mpaka Kariakoo, basi.

Qur'ani imetuamrisha kutembea ardhini. Soma Suratul Ankabut aya ya 20, uone jinsi amri ya kutembea ilivyofungamanishwa na kuangalia namna Allah alivyoanzisha uumbaji. Soma Suratul Hajj aya ya 46, uone jinsi safari ilivyotajwa pamoja na moyo unaofahamu na sikio linalosikia. Angalia vizuri hapo. Kilichotajwa ni moyo na sikio. Mtu anaweza kwenda mbali sana akarudi na picha mia tatu na moyo wake ukiwa vilevile alivyoondoka nao.

Sasa nikwambie kwa nini nimeliandika hili leo, maana si kwa ajili ya utalii.

Hapa kwetu Mikindani mzee mmoja alinifuata baada ya Alasiri. Binti yake ameletewa posa. Kijana anasali, ana kazi yake, ana adabu, hana sifa mbaya. Nikamuuliza, "Sasa mzee wangu, tatizo liko wapi?" Akatazama huku na huku, akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shehe, anatoka Sumbawanga. Huko si kwa wachawi?"

Nikamuuliza kama amewahi kufika. Hajafika. Amewahi kufika Mbeya? Hajafika. Songea? Hajafika. Mwisho wake kwa upande wa bara ni Masasi, na huko alikwenda kwenye msiba akarudi siku ya pili. Lakini mkoa mzima wa watu wa Allah ameshauhukumu, wenye kusali na wasiosali, wakulima wa mahindi, wavuvi wa Ziwa Rukwa, kina mama, watoto wachanga, wote wamo kwenye neno moja. Neno lenyewe kalisikia barazani.

Fungua Suratul Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine na kubandikana majina mabaya. Aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Halafu aya ya 13 ndiyo inayosema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Angalia mpangilio huo. Kwanza ugonjwa wa ulimi, kisha ugonjwa wa moyo, kisha kujuana. Mimi naona kujuana huko ni dawa ya hayo mawili ya mwanzo. Usiyemjua utamdhania tu, na ukishamdhania utamsema.

Na sisi watu wa kusini tusijifanye hatujui maumivu ya kusemwa. Wamachinga ni kabila la mkoa wa Lindi, watu wenye asili yao na heshima yao. Leo jina lao limekuwa la kila kijana anayeuza soksi barabarani, awe Msukuma, Mchaga au Mgogo, na siku za mgambo hutamkwa kama jina la takataka inayopaswa kufagiliwa. Wangapi katika wanaolitamka wamewahi kufika Lindi? Wangapi wanajua kwamba tunawasikia wakicheka lafudhi yetu kwenye mabasi? Linatuuma. Basi na mzee wangu alikuwa anampaka kijana wa watu pilipili ileile.

Kuna jambo zito zaidi ambalo watu wa pwani hatupendi kuligusa. Neno "mshenzi" nani alilitumia kwa nani? Wazee wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Mikindani hii unayoiona na majumba yake ya mawe na milango ya nakshi ilikuwa bandari ya pembe za ndovu, na ilikuwa bandari ya watumwa vilevile. Njia zilezile zilizopeleka shahada mpaka kwa Wayao, na nyingine za kaskazini zilizoipeleka Tabora na Ujiji, ndizo zilizoleta wanadamu pwani wakiwa wamefungwa. Yote mawili yalitembea kwenye njia moja. Ukienda bara leo umevaa kanzu yako nzuri, nenda ukijua hilo. Usiende kama bwana anayekagua. Nenda kama ndugu aliyechelewa kuja kutoa salamu.

Ndugu yangu, unamjua Ibn Battuta. Mtu wa Tanja, Morocco, alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, akawa hajarudi kwa karibu robo karne. Mwaka 1331 alipita pwani yetu, akafika Mogadishu, akalala Mombasa, akashuka mpaka Kilwa, kaskazini ya hapa nilipo. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na Mwislamu wa Dar es Salaam anayajua kwa kitabu cha historia cha darasa la tano tu.

Aliona nini Kilwa? Aliona watu weusi sana wenye chale usoni. Angeweza kuishia hapo, akacheka, akaandika kwamba amefika kwa watu wa ajabu. Lakini alikaa nao, akasali nao, na akaandika kwamba sifa yao kubwa ni dini na wema, na kwamba ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Karibu miaka 700 imepita na ushahidi wake huo bado unasomwa. Mgeni mmoja mwenye insafu alitulindia heshima babu zetu kuliko majumba yote waliyojenga.

Na akatuachia kisa cha masultani wawili. Wa kwanza ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini, siku ya Ijumaa akitoka msikitini. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Aliyemfuatia ni ndugu yake Dawud, na huyo alikuwa kinyume chake. Akija mwombaji humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Fikiria, mtu ametawala mji mkubwa kuliko yote ya pwani hii, na kilichobaki kwake ulimwenguni ni jibu baya alilompa maskini, kwa sababu msafiri aliiandika habari yake.

Mwenyeji, msafiri ni shahidi juu yako. Na wewe msafiri, ni shahidi juu ya wenyeji wako. Basi shuhudia kwa haki.

Utaniuliza, "Shehe, nianzie wapi? Serengeti ni mbali na hoteli ni ghali." Sikutumi Serengeti. Kama uko huku kwetu, fuata mto wako. Ruvuma hii inayomwaga maji baharini karibu na Msimbati, yenye mikoko unayokata kuni kwa kujificha (tunakujua), imeanzia milima ya Matogoro, pale Songea. Umekunywa na kuvua kwenye mlango wa mto maisha yako yote, chimbuko lake hujaliona. Nenda ukalione.

Panda Newala kwanza. Kuna mahali ukingoni mwa uwanda wa Makonde wanapaita Shimo la Mungu. Jina hilo mimi silipendi, lakini pakiitwa vyovyote, simama pale asubuhi ukungu ukiwa bado chini bondeni, utasema Subhanallah bila kuambiwa. Mbele yako ni bonde la Ruvuma na ng'ambo yake ni Msumbiji, ambako wamo ndugu zetu Wamakonde na Wamakua, ukoo mmoja uliogawanywa na mpaka wa Wazungu. Tangu Oktoba 2017 watu wa Cabo Delgado wamechinjwa na kukimbizwa na kundi linalojitangaza kwa jina la dini yetu. Ukiwa umesimama pale, waombee. Na wewe kijana, mtu akikuita safari ya "dini" asiyotaka wazazi wako waijue wala imamu wako aisikie, hiyo si safari ya kwenda.

Tukiwa bado Newala, angalia maji. Uwanda ule uko juu na maji yako chini, na kwa vizazi kina mama walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Wewe mwenye bomba unayetawadha huku maji yanamwagika na simu iko sikioni, nenda ukakae siku mbili na mtu anayejua uzito wa ndoo moja. Mimi nikikuhubiria israfu ya maji nusu saa hutanielewa kama atakavyokuelewesha yule mama.

Masasi utaona majabali yaliyosimama peke yake kama yamepandwa. Kabla ya Masasi, ukipita njia ya Lindi, iko Ndanda, na hospitali ya wamishionari ambayo Waislamu wengi wa kusini wametibiwa humo, wengine mlizaliwa humo. Ukipita, sema ahsante. Kumshukuru mtu aliyekutendea wema ni katika dini yetu hata kama si wa dini yako.

Kisha Tunduru. Zamani njia hiyo ilikuwa adhabu, wenye magari waliijua kwa vyuma vilivyovunjika. Leo ni lami. Kule ni kwa Wayao, na misikiti utaikuta kila unapopita. Ingia, sali nao, usikimbilie kuwasahihisha. Nimewaona vijana wetu wanafika mahali saa nne asubuhi, Adhuhuri wameshaanza kumgombeza imamu wa watu kuhusu mikono na vidole. Babu zao wamesimamisha sala pale kabla babu yako hajajua kusoma. Sikiliza kwanza siku tatu.

Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji. Vita vile vilianza 1905 huku kwa Wamatumbi, upande wa Kilwa, vikafika kwa Wangoni, na mwaka 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wao pale. Simama kwenye makaburi yao ujiulize kama kuna damu ya kusini na damu ya bara. Ukiwa na siku zaidi, shuka mpaka Mbamba Bay ulione Ziwa Nyasa. Mtu wa bahari akionja maji yale hucheka peke yake, mawimbi yanapiga ufukweni na chumvi hakuna.

Ukipima yote hayo ni nauli za basi na vyakula vya njiani. Msimu wa korosho ukifika, fedha zinaingia, na katika wiki mbili watu wanamaliza kwa miziki ya kukodi na spika za kushindana na jirani. Toa kidogo humo, mchukue mwanao mmoja, nenda naye. Lakini usikope kwa ajili ya kutembea, na usiwaache watoto bila unga nyumbani wewe ukiwa unapiga picha mlimani. Nafaka ya watu wako inatangulia. Dada yangu, nenda na mumeo, baba yako, kaka yako au mwanao. Suala la mahram lina maelezo marefu ya wanazuoni, muulize shehe wa karibu nawe.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamzuia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kwa hiyo usitegemee starehe. Ukipata joto, ukakaa kiti cha nyuma kabisa, ukapewa wali baridi, ndiyo safari yenyewe. Na katika uzito huo ametubashiria kwamba dua ya msafiri haikataliwi. Wengi mnakesha mkitafuta wakati wa dua kujibiwa, na wakati huo umekaa nao kwenye basi saa kumi na mbili ukiangalia filamu.

Sala sasa, maana hapa ndipo wengi mnaharibu. Safari ikizidi kilomita 80 na ushee, kwa hesabu ya wanazuoni wetu, unapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafii unasali kamili tangu unapofika. Kutoka Mikindani kwenda Mtwara mjini ni kilomita kama 10, kwa hiyo wewe unayepunguza sala kwa kwenda sokoni, rudi ukazilipe. Na dereva wa basi mwombeni kwa adabu, kabla ya kuondoka, asimame mahali penye maji. Wengi wao wanasikia. Wasiosikia ni wale wanaoombwa kwa kelele wakati basi limeshaingia porini.

Mwenyeji naye ana sehemu yake. Sisi tuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtume (S.A.W.) amesema ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Methali imeiba siku. Tena Mikindani hapa wanakuja wageni kuliona Boma la Mjerumani la 1895 na mahali pa Livingstone, aliyeanzia safari yake ya mwisho huku mwaka 1866. Wengine ni Watanzania wenzetu kutoka Arusha na Mwanza. Kijana anaona mgeni, anapandisha bei ya bodaboda mara tatu. Huyo mgeni atakwenda kusema nini kuhusu Waislamu wa Mikindani? Na mtoto wako akienda Mwanza apokelewe vipi?

Wazee wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, jinsi masika ilivyokata kusini na watu wakangojea pantoni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika tena kule Somanga na wasafiri wakakwama, wenye fedha na wasio nazo, wote wanatazama maji. Hapo ndipo utaelewa kwa nini Allah katika Suratut Tawba aya ya 60 amemtaja msafiri aliyekwama njiani miongoni mwa watu wa kupewa zaka, hata kama kwao ni tajiri. Kamati za misikiti iliyo kando ya barabara kuu, mnalo fungu la ibnu sabil? Au zaka yote inaishia kwenye tende za Ramadhani? Naomba mnijibu hapo chini, kwa jina la msikiti.

Narudi kwa mzee wangu. Sikumwambia akubali posa wala akatae, binti ni wake na yeye ndiye walii. Nilimkumbusha alivyotuelekeza Mtume (S.A.W.), kwamba akija ambaye dini yake na tabia yake vinaridhisha, aozwe. Nikamwambia asitoe jibu kwa maneno ya barazani. Aende. Apite Songea, Njombe, Mbeya, Tunduma, mpaka Sumbawanga, akae kwa wazazi wa kijana, ale chakula chao, asali msikitini kwao, aulize majirani. Akirudi na la, iwe la ya mtu aliyeona.

Amekaa kimya siku mbili. Jana amenitumia ujumbe, ananiuliza kule kuna baridi kiasi gani na abebe sweta ngapi.

Kwa hiyo ndugu zetu mlioko Sumbawanga mnaosoma hapa, niandikieni kwa siri. Mzee ni mtu wa pwani, ana umri, mgongo unamsumbua, hajawahi kulala mbali na bahari. Anataka kujua ashukie wapi, na msikiti gani uko karibu na stendi ili akifika usiku apate pa kusali na mtu wa kumwelekeza. Wengine mwombeeni safari njema.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.